Chumvi ya Manarola

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Siku kubwa. Nimealikwa Italia.

Naandika polepole ili niamini mwenyewe. Bwana Renzo, yule Mtaliana anayechimba visima huko vijijini, alipita asubuhi kuchukua kaptura zake. Nilizishona vizuri, ila moja mguu wa kulia ulizidi kidogo. Hakuona. Alifurahi, akaniletea kadi za picha za kwao nizitazame. Jamani! Vijiji vitano vimening'inia juu ya mwamba, bahari iko chini. Nyumba za rangi ya waridi na manjano zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea heri bila kutoka kitandani. Garimoshi linatoka kwenye tundu la mlima, linapumua kijijini kidogo, linaingia tundu jingine. Zabibu wanazipanda kwenye ngazi za mawe. Kijiji chake yeye kinaitwa Manarola. Kadi zote akaniachia, na wakati wa kuondoka akasema: karibu kwetu.

Basi. Mtu akikwambia karibu kwetu, amekualika. Sisi watu wa Tabora tumepokea misafara tangu enzi za mababu, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Jioni nilikwenda kwenye baraza la Mabruki, muuza kahawa. Salmini alikuwa amekalia kiti cha ukutani kama kawaida yake, anasimulia Maskati. Huyu ana duka la vitambaa mkabala na cherehani yangu, na tangu alipokwenda kuwasalimu wajomba zake huko hatujapata habari nyingine. Kila kikombe na Maskati yake. Nikasubiri avute pumzi. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wiki hii naondoka kwenda Italia kutembelea vijiji vya pwani.

Kimya. Utamu wa kimya kile! Salmini akauliza nauli analipa nani. Nikasema mgeni hajilipii. Akauliza habari ya pasipoti. Nikasema mambo hayo Renzo anayajua.

Nitamwambia Renzo kesho.


Alhamisi, 8 Agosti

Sijampata Renzo. Wanasema yuko kwenye visima. Si neno.

Nilitaka dua ndogo ya safari. Mwamvita, mke wangu, akafanya dua kubwa. Mikeka hadi barabarani, ubani, maandazi, kahawa ya Mabruki. Maalim Abbasi akaniombea bahari itulie. Mzee Ghalibu alinishika kichwa, machozi yakamtoka, akasema tangu babu zake waingie nchi hii na misafara, mtaa wetu haujapeleka mtu mbali namna hiyo. Nami nikalia. Wakati ule niliamini kabisa.

Kumbe uani, kwa wanawake, kulikuwa na jambo. Saleha, mke wa Salmini, alisema waziwazi kwamba mimi sitavuka stesheni ya Itigi.

Hapa lazima nieleze. Mwamvita ndiye mshika mwiko wa mtaa wetu. Harusi yoyote, yeye ndiye anayesimama kwenye sufuria kubwa la pilau, na wengine wanakata vitunguu na kunyamaza. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Saleha naye ni mpishi hodari, na mwiko ule anautamani tangu nimjue. Basi Mwamvita alimjibu mbele ya wote:

"Mume wangu akirudi bila kuikanyaga hiyo pwani, mwiko wa harusi ya Mwanamkuu shika wewe. Na wa harusi zote zitakazofuata."

Mwanamkuu ni binti wa jirani yetu. Anaolewa mwezi huu huu, kabla ya Ramadhani. Mwamvita alinisimulia haya tukikunja mikeka, huku anatabasamu. Anasema hana wasiwasi hata kidogo.

Wasiwasi ninao mimi.


Ijumaa, 9 Agosti

Renzo ameondoka. Ameondoka!

Baada ya sala nilikwenda nyumba aliyopanga kule Kitete. Nikamkuta mpishi wake, Anton, anamenya viazi vyake mwenyewe kwenye kiti cha tajiri wake. Akasema bwana amekwenda kwao likizo tangu juzi, kwa ndege. Nikauliza kama ameniachia tiketi. Anton akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kaptura. Bwana amesema ipunguzwe mguu wa kulia.

Nimekaa chumbani nikifikiri mpaka kichwa kikapata moto. Kusema kweli haiwezekani. Dua imeshasomwa. Huwezi kumfukizia mtu ubani, Maalim akamtulizia bahari, halafu kesho yake mkamkuta anapiga vifungo barazani. Itakuwa tumemfanyia Mungu mzaha, na Maalim Abbasi pia, ambaye ni mwepesi wa hasira kuliko Mungu. Tena nikimwambia Mwamvita leo, mwiko unakwenda leo.

Kwa hiyo nasafiri. Wapi, nitajua njiani.


Jumamosi, 10 Agosti. Goweko.

Mtaa mzima ulikuja stesheni. Nilivaa suti yangu mpya ya Kaunda, ya kijivu, nimeishona mwenyewe. Hata Salmini alikuja. Akanipa tasbihi yake ya Maskati nikaisalie ufukweni. Mtu usiyempenda akikufanyia wema, inaudhi sana.

Mwamvita hakutaka khanga wala manukato. Alinivuta kando, akanirekebisha kola.

"Baba Swaumu, niletee kitu kimoja tu cha pwani hiyo. Nikiweke jikoni kwangu."

Nikaahidi. Ningeahidi hata bahari yenyewe. Treni ya Dar es Salaam ikaondoka, nami nikapunga mkono mpaka bega likauma.

Nimeshuka Goweko. Tiketi ilikuwa ya Goweko. Nimekaa juu ya sanduku langu natazama kuku wa stesheni masta.

Mpango ninao. Ngollo, rafiki yangu mkulima wa tumbaku, yuko Kaliua. Nimemshonea suruali miaka yote hii, hawezi kunifukuza. Nitakaa kwake kama wiki mbili, nikariri zile kadi vizuri, nirudi. Tatizo ni moja tu. Goweko iko mashariki ya Tabora, na Kaliua iko magharibi.


Jumatatu, 12 Agosti. Kaliua.

Nimepita Tabora nimejifunika blanketi gubigubi, natetemeka kwa makusudi. Treni ilisimama pale, ikasimama, ikaendelea kusimama. Nikasikia sauti ya Mabruki dirishani, anauza kahawa. Akamwuliza abiria wa karibu yangu mgonjwa ana nini. Akajibiwa homa. Mabruki akapitisha kikombe dirishani, akasema mpeni maskini, asilipe. Mimi nimekunywa kwake kila jioni tangu Uhuru na hajanipa hata tone la bure! Nikainywa chini ya blanketi. Ilikuwa nzuri kuliko anayotuuzia.

Ngollo sikumkuta pale alipokuwa akiishi. Nikaambiwa wote wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo kidogo kutoka stesheni. Nikaenda na sanduku kichwani na suti ya Kaunda mwilini. Nyumba zimepangwa mistari imenyooka, nyingine hazijapata paa. Nilipomweleza Ngollo mambo yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mke wake Pelagia hakucheka. Aliniuliza kama mke wangu anajua niliko. Kisha akanitandikia mkeka.

Nilidhani sasa nitapumzika. Jioni akaja balozi wa nyumba kumi kumwona mgeni. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanikabidhi jembe.


Alhamisi, 15 Agosti

Mikono yangu! Kutwa nafyatua matofali. Mikono iliyozoea uzi na sindano, leo haiwezi kushika hata kijiko.

Nikaona nitumie akili. Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji, Bwana Raymundi, nikamwonyesha zile kadi za picha. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa matofali, ni mtu mwenye maarifa ya vijiji vya nje. Alizitazama sana. Akasema hawa Wataliana wamehamia pamoja kwelikweli, hata nafasi ya mbuzi hawakuacha. Sisi huku watu wananung'unika kwamba jirani yuko karibu mno! Akauliza kama nimefika huko mwenyewe.

Ulimi ulikuwa mzito kidogo, lakini ulisema ndiyo.

Akauliza mashamba yao yako wapi. Nikamweleza ngazi za mawe, zabibu juu, bahari chini. Nilieleza vizuri mno. Mwenyekiti akasimama, akasema kijiji chake hakitabaki nyuma, nikawaonyeshe. Nikamkumbusha kwa upole kwamba Kaliua ni tambarare, mlima hakuna. Raymundi si mtu wa kushindwa na mlima. Akakinyoshea kidole kichuguu kimoja nyuma ya ghala, kikubwa kuliko nyumba ya Ngollo.

Nimebeba mawe mchana kutwa. Wamesema mtaalamu ndiye wa kuonyesha mfano.


Jumapili, 18 Agosti

Kichuguu kimekwisha. Ngazi za mawe kutoka chini hadi juu, zimezunguka vizuri kabisa. Pelagia amepanda maboga na anayamwagilia, maana zabibu hatuna. Watoto wa kijiji wanakiita Manarola.

Jioni nilipanda juu peke yangu na kadi zangu. Kutoka pale unaiona miombo yote. Majani mapya yameanza kutoka, mekundu, mengine ya manjano, yanakwenda hadi mwisho wa macho. Treni ya Mpanda ikatoka kwenye miti, ikapumua stesheni kidogo, ikaingia kwenye miti tena. Nikatazama kadi, nikatazama miti. Nilifurahi. Nasema kweli, sijafurahi hivyo mwaka huu wote. Kwa muda mrefu nilisahau kwamba sijafika.

Nilitamani Mwamvita aone. Halafu nikakumbuka kwa nini hawezi kuona, nikateremka.


Jumatano, 21 Agosti

Zawadi! Kitu cha pwani cha kuweka jikoni. Nimehangaika nacho siku zote hizi. Mawe ya Kaliua ni mekundu, atajua. Konokono wetu hawana sura ya bahari.

Leo nilikwenda stesheni kuangalia siku ya treni. Pale wanawake wanauza chumvi iliyoletwa na treni kutoka Uvinza. Nikasimama kama niliyepigwa na radi. Bahari ina nini? Chumvi! Sijui kwa nini watu hawaniulizi ushauri mara nyingi zaidi.

Nimeinunua, nikaishonea kifuko cha kitambaa cha buluu, nikatarizi mawimbi madogo pembeni. Kazi safi. Nilipomwonyesha Pelagia akasema mpishi yeyote wa nchi hii anaijua chumvi ya Uvinza hata akifumba macho. Laini kama unga, na ladha yake ni yake. Nikamwambia chumvi ni chumvi. Akanitazama vilevile kama Mwamvita anavyonitazama nikikata kitambaa bila kupima.

Bwana Raymundi amesikitika kwamba naondoka. Ananiahidi kiwanja karibu na kichuguu.


Ijumaa, 23 Agosti. Tabora.

Nimerudi kutoka Italia!

Mungu alipanga treni ya Kigoma na ya Dar es Salaam zikutane stesheni. Nikashuka upande wa nyuma, nikavuka reli, nikatokea na abiria wa Dar. Mabruki alinikumbatia. Akasema nimekonda, akanitoza kahawa.

Jioni barazani. Salmini mwenyewe aliinuka kwenye kiti cha ukutani, akanipa. Nikasimulia. Nyumba za waridi, garimoshi la kwenye matundu, njia ya miguu kutoka kijiji hadi kijiji, upande huu mwamba, upande huu maji. Mzee Ghalibu akaniuliza mikono imefanya nini. Nikasema nilipanda ngazi za zabibu, mawe ya huko ni makali. Hapo sikusema uongo mwingi. Salmini akauliza maji ya bahari yao yana joto au baridi. Nikasema vuguvugu. Akatikisa kichwa kama anayeelewa. Jioni nzima Maskati haikutajwa.

Nikampa Mwamvita kifuko. Alikipokea kwa mikono miwili, akapapasa yale mawimbi niliyotarizi, akakiweka juu ya rafu jikoni bila kukifungua. Nikaeleza kwamba ni chumvi, imetolewa kwenye maji yale yale ya kwenye picha. Akasema basi atakifungua kesho mbele ya wanawake, watakapokuja kuchambua mchele wa harusi. Ataitia kwenye pilau la Mwanamkuu.

Nilimwambia chumvi ile ni ya kutazama tu. Akacheka.


Jumamosi, 24 Agosti

Wanawake walijaa uani na sinia za mchele. Mimi nilikuwa ndani, dirishani, najifanya napima pazia.

Mwamvita alitoa kifuko. Kilizungushwa, kila mmoja akakisifu. Akakifungua, akagusa kwa ncha ya kidole, akaonja.

Akaonja tena. Kisha akampitishia Saleha. Saleha akaonja, na nikaona uso wake umebadilika. Nikasema sasa atapiga vigelegele, mtaa mzima usikie. Hakufanya hivyo. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele wake kama mtu asiyeona kitu. Wengine walikuwa wanauliza ina ladha gani.

"Hii ni ya Uvinza," Mwamvita alisema, taratibu.

Akaingia ndani. Akapita karibu yangu bila kunitazama, akautoa mwiko nyuma ya mlango wa jikoni. Ule wa mninga, wa mama yake, umeliwa upande mmoja kwa miaka ya pilau. Akatoka nao, akamkabidhi Saleha. Saleha akakataa. Akasema huenda mifuko imebadilishana njiani, safari ni ndefu, mambo hayo hutokea. Saleha! Alinitetea Saleha! Mwamvita akasema yeye alitoa neno mbele ya watu, na watu wale wale ndio hawa. Akauacha mwiko magotini kwa mwenzake, akaketi, akaendelea na mchele.

Nilitaka kutoka niseme kitu. Nikapima pazia tena. Niliona aibu, aibu yenyewe. Mwanamke ameweka jina lake juu ya neno langu, nami nimemletea chumvi ambayo amepikia tangu yuko msichana.

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilingoja aniulize. Wakati wa chakula alinitengea kama kawaida, akanipa maji ya kunawa. Nikala. Hakikuwa na chumvi hata chembe.


Jumapili, 25 Agosti

Harusi ya Mwanamkuu. Pilau la Saleha limetoka zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Salmini alikula sahani ya pili mbele yangu, akanipisha kiti chake, akasema msafiri akae. Nadhani anajua. Nadhani wote wanajua. Nimekaa tu.

Mwamvita hakuwa kwenye sufuria kubwa. Alikuwa nyuma, penye mabirika ya maji ya kuoshea, amekunja mikono ya gauni, anaosha vyombo na wasichana. Nilimwona nikapoteza hamu ya kula. Mshika mwiko wa mtaa mzima!

Lakini sikulala usiku kucha nikifikiri, na kosa nimeligundua. Kosa lilikuwa chumvi. Kitu kinachoonjwa hakifai kwa kazi hii. Ningeleta mchanga! Nani anaonja mchanga? Nani anaweza kusimama akasema huu si wa Italia?

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya watu kuamka, nilikwenda nyuma ya stesheni nikachota mchanga safi, mweupe. Nikauchekecha kwa kitambaa cha gauni la bibi harusi kilichobaki, nikaujaza kwenye kifuko kingine cha buluu, na hiki nimekitarizi samaki. Baada ya wageni kula nilikwenda nyuma kwenye mabirika, nikamnong'oneza Mwamvita kwamba kwa uchovu wa safari nilikosea mfuko. Huu ndio wenyewe. Mchanga wa ufukwe wa Manarola. Awaonyeshe wanawake, adai mwiko wake, mambo yaishe.

Aliutazama mchanga. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu sana. Halafu akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu jana, akacheka mpaka akashika ukingo wa birika na wasichana wakageuka kumtazama. Nikajua mpango umefanikiwa.

Kisha akalivuta lile sufuria kubwa la pilau, lenye ukoko ulioganda chini, akaumwaga mchanga wote ndani, akachukua gunzi la hindi, akaanza kusugua.

Nimemwomba abakize kidogo. Salmini hajauona.